Kusikika Katikati ya Makelele

Treni ya Reli ya Kati ikiingia stesheni ya Tabora, injini haizimwi. Hubaki ikinguruma huku mabehewa yakigongana, mizigo ikiteremshwa madirishani, na wachuuzi wakikimbia sambamba na treni wakiwa na chupa za asali, karanga na mayai ya kuchemsha. Hapa ni njia panda ya reli: tawi moja huenda Kigoma, jingine Mwanza, na lile la Mpanda huchepuka mbele huko Kaliua. Wanaoshuka, wanaopanda na wanaosubiri kuunganisha safari hukutana mahali pamoja, kila mmoja ana la kusema na kila mmoja anataka lake lisikike.

Mchuuzi wa asali hapotezi pumzi kueleza kwamba asali yake ni ya nyuki wadogo na imechujwa vizuri. Anasema neno moja tu, "Asaliii!", irabu ya mwisho ikivutwa mpaka behewa la pili. Bei anaionyesha kwa vidole. Hatua chache kutoka alipo, abiria aliyeshuka anampigia simu mama yake anayekaa Itetemia, nje kidogo ya mji. "Shikamoo mama! Nimefika! Nasema nimefika!" Mama yuko uani kwake, hakuna kelele yoyote, na inambidi asogeze simu mbali na sikio. "Marahaba mwanangu. Nakusikia, mbona unapiga kelele?" Mwana hana habari kwamba anapiga kelele.

Watu hawa wawili wanapambana na vurumai ile ile kwa njia mbili. Wa simu mwili wake umemwamulia. Wa asali amefundishwa na kazi. Ukizitenganisha njia hizo mbili utaelewa mengi kuhusu namna binadamu anavyosema penye makelele, na Tabora, mji ulioishi kwa kupokea misafara tangu karne ya 19, ni mahali pazuri pa kuzitazama.

Aliyeitambua kitaalamu ile ya mwili alikuwa Étienne Lombard, daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya Lariboisière mjini Paris. Mwaka 1909 alikuwa akitumia chombo kidogo cha kutoa kelele kilichobuniwa na Robert Bárány, daktari wa Vienna ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Chombo hicho huwekwa kwenye sikio moja la mgonjwa ili lisisikie wakati sikio la pili linapopimwa. Lombard akaona jambo: mgonjwa aliyekuwa akizungumza kwa utulivu hupaza sauti mara kelele zinapoanza, huishusha zinapokatwa, na mwenyewe hajui kwamba amebadilisha chochote. Alichapisha maelezo yake mwaka 1911, na hadi leo jambo hilo huitwa athari ya Lombard.

Matumizi yake ya kwanza yalikuwa ya kuwanasa waongo. Mtu aliyedai kuwa kiziwi alipewa kitu cha kusoma kwa sauti, kisha kelele ikafunguliwa masikioni mwake. Kiziwi wa kweli aliendelea kusoma vile vile. Aliyekuwa anajifanya alipaza sauti, akajisaliti mwenyewe, maana hakuwa na uwezo wa kuizuia.

Vipimo vya miaka iliyofuata vilitoa hesabu. Mtu anayezungumza kawaida, akisikilizwa kutoka umbali wa mita moja, hutoa kiasi cha desibeli 60. Kelele za mazingira zikivuka desibeli 45 hivi, sauti yake huanza kupanda, na kwa kila desibeli moja ya kelele inayoongezeka, sauti huongezeka takriban nusu desibeli. Hesabu hiyo ni ya hasara. Kelele ikipanda hatua mbili, sauti hupanda hatua moja, na kadiri makelele yanavyokua ndivyo msemaji anavyozidi kuachwa nyuma ingawa koo lake linafanya kazi zaidi.

Si ukubwa wa sauti tu unaobadilika. Sauti huwa nyembamba zaidi, irabu hurefuka, mdomo hufunguka zaidi, na nguvu ya sauti huhamia kwenye masafa ya juu kidogo ambako sikio la binadamu ni jepesi zaidi. Maneno yenye ujumbe hurefushwa kuliko yale madogo ya kuunganisha. Tena mtu anayesoma peke yake katika kelele hupaza kidogo. Akiwa na mwenzake anayepaswa kumwelewa, hupaza zaidi. Mwili haupigi kelele ovyo. Unamtafuta msikilizaji.

Lakini unamtafuta kwa kutumia sikio la msemaji, na hapo ndipo yule abiria wa stesheni anapopotoka. Kinachoendesha sauti yake ni kelele anazozisikia yeye, si zile anazozisikia mama yake. Kumwambia apunguze hakusaidii sana. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani waliwaambia watu waziwazi wasipaze sauti katika kelele, na watu hao walishindwa. Waliweza tu walipowekewa kipimo cha kuonyesha kwa macho ukubwa wa sauti zao. Ndiyo maana si haki kumwita mtu wa namna hiyo mshamba au mkosefu wa adabu. Hajachagua.

Ndege nao hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2004 Henrik Brumm alipima ndege waimbao usiku mjini Berlin na kukuta kwamba wanaoishi kando ya barabara kubwa huimba kwa nguvu zaidi, na kwamba asubuhi za siku za kazi, magari yanapokuwa mengi, huimba kwa sauti kubwa kuliko asubuhi za mwisho wa wiki. Mwaka mmoja kabla, huko Leiden, Uholanzi, Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walikuwa wameonyesha kwamba ndege wa mitaa yenye kelele hupandisha kima cha chini cha sauti zao ili zisimezwe na ngurumo za magari. Athari ya Lombard imeonekana pia kwa popo, nyani wadogo na nyangumi. Ni urithi wa zamani sana, wa kabla ya lugha.

Ile njia ya pili, ya mchuuzi, ni ya binadamu. Na kwa Tabora ina historia inayoweza kufuatiliwa.

Itetemia, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Tabora, ilikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, mtaa wa wafanyabiashara Waarabu, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za kutembea kutoka pwani, aliyekuwa akitawala ni Mtemi Fundikira, na ikulu yake ilikuwa Itetemia. Kila msafara uliopita hapo ukienda Ujiji au ukirudi Bagamoyo na pembe za ndovu uliingia nchini mwake, na haukuingia kimyakimya. Bunduki zilifyatuliwa hewani kutangaza kwamba wageni wamewasili. Ngoma zilipigwa. Wanawake walijibu kwa vigelegele.

Burton, ambaye aliandika kila alichokiona na mara nyingi kwa ukali, analalamika katika maelezo yake kuhusu zogo la wapagazi. Anasimulia kwamba walipiga mbinja, waliimba, walipiga kelele, walipuliza pembe, waliiga sauti za ndege na wanyama, na walirudiarudia maneno ambayo hayakutumika popote ila safarini. Kwake yote hayo yalikuwa fujo. Msomaji anayeyasoma leo, akiwa anajua namna sauti inavyosafiri na namna sikio linavyookota neno ndani ya kelele, anaona kitu kingine kabisa: utaratibu wa mawasiliano uliopangwa vizuri.

Fikiria mazingira yenyewe. Msafara wa mamia ya watu, pengine zaidi ya elfu, ulitembea mmoja nyuma ya mwingine kwenye kijia chembamba ndani ya miombo. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na anayepumua chini ya uzito huo hana pumzi ya kupoteza kwa sentensi ndefu. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, na bendera nyekundu na vazi la kumtambulisha kwa mbali, akifuatwa na mpiga ngoma. Wabeba pembe za ndovu walifunga kengele kwenye mizigo yao. Mtu wa mwisho hakuweza kumsikia wa kwanza kwa namna yoyote ya kawaida.

Katika hali kama hiyo kuongeza ukubwa wa sauti peke yake hakusaidii. Kinachosaidia kwanza ni kupunguza idadi ya mambo yanayoweza kusemwa. Alfajiri, amri ya kuondoka ilikuwa maneno mawili matatu, pakia na safari, yakirudiwa tena na tena mpaka kambi nzima iitikie. Hakuna aliyehitaji kusikia kila silabi, maana saa ile hakuna jingine ambalo lingeweza kusemwa. Mwaka 1951 George Miller na wenzake wawili walilithibitisha hilo kwa majaribio nchini Marekani: neno lile lile, likitamkwa kwa sauti ile ile, husikika ndani ya kelele kubwa zaidi kama msikilizaji anajua kwamba ni moja kati ya maneno machache, na hupotea haraka kama linaweza kuwa neno lolote la lugha. Wapagazi wa Unyamwezi walikuwa wakiitumia kanuni hiyo karne moja kabla. Konda wa daladala anayerudia jina la kituo mara nne bila kuvuta pumzi anaitumia mpaka leo.

Kuitikia wimbo nako kulikuwa na kazi. Kiongozi akitoa mstari, wote wakapokea kiitikio wanachokijua, maneno hayahitaji kueleweka upya. Yanahitaji kutambuliwa tu, na mdundo unasema ni lini yataanguka. Mwendo wa miguu, pumzi na sauti vikawa kitu kimoja. Na saa ya alfajiri ilikuwa na faida nyingine zaidi ya kukwepa jua. Hewa ya chini ikiwa bado ya baridi na ya juu yake ina joto zaidi, sauti hupinda kurudi ardhini badala ya kupotelea angani, na upepo huwa umetulia. Wito wa saa 11 alfajiri hufika mbali kuliko wito ule ule wa saa 6 mchana.

Pembe ilifanya kazi ambayo koo haliwezi. Baragumu la msafara lilikuwa pembe ya tandala, na mlio wake haufanani na chochote kilichomo porini. Waswahili wana mithali kwamba la mgambo likilia kuna jambo, na hekima yake ipo katika jinsi pembe isivyojaribu kueleza jambo lenyewe. Inasema tu kwamba lipo. Ufafanuzi utakuja watu wakishakaribiana.

Njia ya pembe za ndovu haikuishia Tabora. Ilivuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema, na mwishowe mpaka maporomoko ya Kisangani. Tippu Tip, mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote katika njia hiyo, alikuwa na baba aliyekaa Tabora na kumuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Huko mwisho wa njia, karibu na Kisangani, watu wa Lokele walikuwa wameutatua mgogoro wa kelele na umbali kwa ustadi unaostaajabisha.

Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefika Yakusu mwishoni mwa miaka ya 1930, aliusoma ustadi huo kwa miaka mingi na kuuandikia kitabu mwaka 1949. Kilokele ni lugha ya toni: silabi husemwa kwa sauti ya juu au ya chini, na tofauti hiyo hubadilisha maana. Ngoma ya gogo lililochongwa hutoa sauti mbili, ya juu na ya chini, na kwa hiyo huweza kuiga toni za maneno. Ila inaacha nje irabu na konsonanti zote, na maneno mengi yana toni zinazofanana. Wapigaji walifanya nini? Walirefusha. Mwezi haukupigwa kama neno moja, bali kama fungu zima la maneno linalosema mwezi unatazama chini duniani. Kuku akawa yule mdogo asemaye kio-kio. Carrington alikadiria kwamba ujumbe wa ngoma ulihitaji maneno kama mara nane ya ujumbe wa mdomo. Ziada hiyo ndiyo iliyouokoa ujumbe, kwa sababu hata kipande kikimezwa na upepo au mvua, kilichobaki kinatosha.

Wapagazi walifupisha na Walokele walirefusha, lakini wote wawili walikuwa wakimrahisishia msikilizaji kazi ya kukisia.

Kinyamwezi nacho ni lugha ya toni, kama Clement Maganga na Thilo Schadeberg walivyoeleza kwa kina katika sarufi yao ya mwaka 1992. Mnyamwezi akimwita jirani ng'ambo ya shamba, sauti yake yote hupanda, lakini toni hazipotei, kwa kuwa kinachobeba maana ni tofauti kati ya juu na chini, na tofauti hiyo hupanda pamoja na sauti. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kina nguvu nyingine: karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye sauti kubwa katika lugha yoyote. Ndiyo maana wito wa Kiswahili huvutika vizuri. Mamaaa! Wee baba Asha weee!

Udhaifu wake uko kwenye konsonanti. P, t na k hutofautiana kwa mlipuko mdogo wa hewa unaodumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na s na f ni mikwaruzo hafifu ya masafa ya juu. Kelele zikizidi, hizo ndizo hufa kwanza. Pata, kata na taka zinabaki irabu mbili tu. Mfano mbaya kuliko yote ni wa namba: sita na tisa zina irabu zile zile kwa mpangilio ule ule, na konsonanti s na t zimebadilishana nafasi. Nne na nane nazo huponzana. Kwenye soko lenye mashine na redio, tofauti ya elfu sita na elfu tisa ni fedha, na hakuna muuzaji mzoefu anayeiachia sikio peke yake. Vidole hupanda juu kabla bei haijamalizika kutamkwa.

Penye mashine ya kusaga mambo huenda mbali zaidi. Injini ikishawashwa, banda zima hutetemeka, na mazungumzo yanayoendelea humo ni ya mikono na nyuso. Anayeleta mahindi huonyesha kidole kimoja kwa debe moja, fundi hugeuza kiganja kuuliza kama yakobolewe kwanza au yasagwe hivyo hivyo, kichwa hutikiswa. Salamu haiachwi. Mwanamke kijana akimkuta mzee hapo hukunja goti kidogo kwa desturi ya Kinyamwezi, na heshima inafika nzima hata kama neno "mwangaluka" limemezwa na injini. Viwanda vya mbao vya magharibi ya Canada na vya nguo vya Lancashire, Uingereza, navyo vilizaa lugha za namna hii. Lancashire wafanyakazi walitamka kwa kuchezesha midomo kupita kiasi ili wenzao wasome maneno kwa macho, na walifanya sawa: utafiti wa William Sumby na Irwin Pollack wa mwaka 1954 ulionyesha kwamba kuuona uso wa msemaji kunaweza kuwa na faida sawa na kupunguza kelele kwa desibeli 15.

Kusogea karibu kunalipa pia. Umbali ukipungua kutoka mita mbili hadi mita moja, sauti inayomfikia msikilizaji mahali pa wazi huongezeka desibeli 6. Ili koo liongeze kiasi hicho lenyewe, kelele zingelazimika kupanda desibeli 12. Hatua moja ya mguu inafanya kazi ambayo nyuzi za sauti huifanya kwa jasho.

Wakati mwingine, hata hivyo, kusogea hakuwezekani, na ujumbe ni wa dharura. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Kahama na wilaya jirani, kisha wakaenea Unyamwezi na Usukuma kote, hawakuwa na simu. Walikuwa na filimbi na mwano, ule ukelele wa hatari ambao kila anayeusikia anapaswa kuupokea na kuupeleka mbele. Filimbi, mwano na vigelegele vya wanawake havifanani kwa maana, lakini masikioni vina sifa moja. Vyote vimejaa masafa ya juu, na sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya hertzi 2,000 na 5,000, wakati ngurumo za injini, upepo na umati huwa nyingi chini ya hapo. Kigelegele kina jambo la ziada: ulimi unakichezesha haraka, na sikio hugundua kinachobadilika upesi kuliko kinachodumu.

Kwa ustadi wote huo, kuna mahali ambapo mtu wa Tabora ameachiwa koo tupu. Ni darasani.

Mvua za mkoa huu huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, yaani sehemu kubwa ya mwaka wa shule. Madarasa mengi ya serikali yana paa la bati na hayana dari. Mvua kubwa ikipiga bati tupu, kelele ndani huvuka desibeli 70 kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, linashauri kelele za darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha. Mwalimu anayesema kwa desibeli 60 mbele ya wanafunzi 80 hasikiki hata mstari wa pili. Atapaza, mwili utamsaidia kwa ile nusu desibeli yake, na koo litalipa. Utafiti wa majimbo ya Iowa na Utah nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba asilimia 57.7 ya walimu waliwahi kupata tatizo la sauti maishani, ikilinganishwa na asilimia 28.8 ya watu wa kazi nyingine. Na hao walikuwa na madarasa yenye dari.

Mtoto anaumia zaidi kuliko mwalimu, ila maumivu yake hayaonekani. Mtu mzima akikosa silabi moja huijaza kutokana na maneno anayoyajua. Mtoto bado anajifunza maneno hayo, kwa hiyo anahitaji sauti iliyo wazi kuliko mtu mzima, na darasani inapaswa kuzidi kelele kwa desibeli 15 hivi. Msikilizaji anayetumia lugha ya pili hupotea mapema zaidi anapowekwa kwenye kelele. Mtoto wa Itetemia aliyekulia katika Kinyamwezi hukutana na hali hiyo darasa la kwanza, anapofundishwa kwa Kiswahili. Hukutana nayo tena kidato cha kwanza, masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza, lugha iliyojaa silabi zinazoishia kwa konsonanti, zile zile ambazo mvua huzifuta kwanza. Anayekaa nyuma na kuandika kisicho sahihi huitwa mzito wa kuelewa. Mara nyingi hakusikia.

Nyumba za zamani za nchi hii hazikuwa na tatizo hilo. Tembe, kama lile la Kwihara ambako Livingstone alikaa mwaka 1872, lilikuwa na kuta nene za udongo, na paa la tembe lilikuwa la miti iliyofunikwa udongo. Mvua ilianguka juu yake bila kuwakatiza waliokuwa ndani. Hakuna anayedai shule zirudi kwenye paa la udongo. Bati ni imara, ni rahisi kupatikana, na halivuji kama tembe lilivyovuja. Linachohitaji ni kitu chini yake.

Tabora ina shule moja inayojua zaidi ya nyingine zote maana ya sauti isiyofika. Shule ya Viziwi Tabora, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Wanafunzi wake wanaosema kwa Lugha ya Alama wanaweza kuzungumza juu ya reli treni ikipita na wasipoteze neno. Katika shule za kawaida wapo watoto wenye usaha wa masikio usiotibiwa, wanaosikia nusu, na kwao kila desibeli ya mvua ni ukuta zaidi. Hao hawana alama wala hawana sauti ya kutosha. Mwalimu anayejua hili huwakalisha mbele, huwatazama usoni anaposema, na hageukii ubao huku akiendelea kuzungumza.

Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limekuwa likizitumia kuzibana baa na kumbi zinazopiga muziki usiku. Mvua haiwezi kupelekwa mahakamani. Inabaki kazi ya mafundi na kamati za shule: dari la ubao au hata la mikeka iliyofungwa vizuri chini ya bati, ambalo hupunguza kelele za mvua na joto la Oktoba kwa pamoja. Katika michoro mingi ya madarasa dari limo. Fedha zikipungua, ndilo hukatwa kwanza, kwa sababu jengo lisilo na dari linaweza kufunguliwa na kupigwa picha, na siku ya ufunguzi kwa kawaida huwa ya kiangazi.

Walimu hawajasubiri. Mvua ikizidi, wengi huacha kusema na kuandika ubaoni, au huwapa wanafunzi kazi ya kusoma wawili wawili, vichwa vikiwa vimekaribiana, umbali wa sentimita 50 ambao hata bati haliwezi kuushinda. Wa madarasa ya chini huanzisha wimbo wa kuhesabu ambao wote wanaujua, mwalimu akipiga makofi na watoto wakiitikia: moja, mbili, tatu. Wakifika sita, huonyesha vidole.